Msichana Tuliyemwombea Msamaha

Mpira wa tenisi una sauti yake: pau, kimya kidogo, kisha pau. Juzi niliisikia sauti hiyo kwenye televisheni ya jirani yangu hapa Lubumbashi, nilipokwenda kuazima pasi. Pasi niliisahau, nikajitafutia kiti. Msichana aliyekuwa akicheza nilimtambua kwa mgongo, kabla hawajamwonyesha uso.

Watangazaji walimtaja kwa jina la nchi yake, Uchina, na hawakukosea. Lakini mimi na ninyi tujue kwamba mkono ule ulipita Kamina, mji nilikokulia.

Nilipokuwa mtoto, Wachina waliokuja kutengeneza barabara walipanga nyumba kubwa iliyopakana na kwetu. Mmoja wao, Papa Chen, alimleta binti yake Lan, rika langu. Kila alasiri, jua likiwa bado linachoma, Lan alisimama mbele ya ukuta wa bohari akiupiga mpira, ukuta ukaurudisha, akaupiga tena. Baba yake aliketi pembeni na buti zake zenye vumbi jekundu, hacheki, hasemi. Lan akikosea, baba aliinua kidole, na Lan akaanza upya.

Sisi watoto tulibanana kwenye ua wa matete tukichungulia. Swali lilikuwa moja tu: amekosa nini? Mmoja alisema amevunja sahani. Mwingine aliapa kwamba amekataa kula bukari, yaani ugali wetu, kana kwamba bukari ilikuwa chakula cha kwao. Hakuna aliyefikiri kwamba ule ni mchezo. Mchezo tulioujua sisi ulihitaji mtu wa kubishana naye.

Mimi udadisi ulikuwa ukinitafuna. Lan alikuwa amekwisha kuokota Kiswahili chetu uani, basi siku moja nikamwita.

“Lan, banakupa azabu juu ya nini?”

Alinitazama, akafuta jasho, akarudi kwenye ukuta wake. Nikaenda kumshitakia Kaku, bibi yangu mzaa baba.

Kwetu, mtoto akiadhibiwa kupita kiasi, jirani huenda kumwombea. Hubeba kitu mkononi, hupiga makofi polepole, na mzazi mwenye adabu hamkatalii. Adhabu inakwisha palepale. Kaku alikamata kuku mweupe, akajifunga kitenge kizuri, akanishika mkono, tukaingia uani kwa Wachina.

“Papa Chen,” alisema akipiga makofi, “mutoto alifanya kosa, sawa. Lakini azabu inapita kipimo. Minyi jirani njo namuombea. Mumuache.”

Kiswahili cha Papa Chen kilikuwa cha barabarani: leta, beba, simama, inatosha. Alimtazama Kaku, akamtazama binti yake. Akampokea kuku kwa mikono miwili na kuinama.

“Aksanti, mama. Inatosha,” alisema, na Lan akaweka raketi chini.

Kesho yake hapakuwa na sauti, wala siku iliyofuata. Nilitembea kifua mbele, najiona nimemkomboa mtu. Kisha Lan akaja kwenye ua wa matete, macho yamemvimba.

“Juu ya nini mulimwambia baba aniache? Mvua ikiisha narudia kwetu. Kule makocha batapima batoto, batachagua bale ba kuingia mu timu. Baba anasema aliahidi mama muzee, hawezi kuvunja. Minyi nitashindwa.”

“Kumbe haikuwa azabu?” niliuliza.

Alinigeuzia mgongo akaenda zake. Nilimkimbilia Kaku, nikamkuta anapepeta unga, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Aliuweka ungo chini.

“Musamaha hairudishwe,” alisema. “Niende kumwambia muntu, ‘Mupe tena mutoto wako azabu’? Nitakuwa muntu gani?”

Aliuokota ungo akaendelea kupepeta, hata nikadhani ameniacha. Kisha akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

“Peke yake, ile iko azabu. Bakiwa babili, iko muchezo. Na muchezo hatukuukataza.”

Wa pili nilikuwa mimi.

Kaku alitupeleka kuchimba udongo wa kichuguu, ule tunaofyatulia matofali. Tukauponda, tukaumwagia maji, tukaupigapiga mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Mpaka leo nikinusa udongo wa kichuguu uliolowa, viganja vinaniwasha. Katikati tulifunga wavu wa samaki uliotoka kwa wavuvi wa Bukama, nao ulikuwa bado unanuka samaki. Papa Chen alikuja kuutazama uwanja, akaukanyaga kwa kisigino cha buti, akanipa raketi kuukuu.

Nilipigwa vibaya sana! Mpira ulinipita kulia, ulinipita kushoto, mara moja ulinipiga puani, na siku hiyo ndipo nilipomwona Papa Chen akicheka. Uwanja wetu ulikuwa na mabonde yake, mpira uliruka ulikotaka, na Lan akajifunza kuungoja badala ya kuukisia. Ukuta haukuwa umemfundisha hilo.

Mvua zilipoisha aliondoka. Alichaguliwa. Baada ya miaka tukapatana kwa simu, nikawa namfuata kwa mbali: mashindano ya watoto, kisha ya vijana, bega lililoumia, mwaka aliotaka kuacha. Sasa ni mchezaji wa kulipwa, na juzi, mbele ya televisheni ya watu, nilimwona akishinda. Nilipiga kelele mpaka jirani akaniuliza kama huyo ni ndugu yangu.

Nilimwandikia palepale. Nilimpongeza, kisha nikauliza lile swali lililonikaa tangu utotoni: ilikuwa azabu ao hapana?

Jibu lilikuja kesho yake: “Ilikuwa azabu. Na niliipenda. Lakini zaidi ya mama muzee, hakuna mwingine aliyeona kama nimechoka.”

Nilipokuwa mtoto nilitaka jibu moja, ama ndiyo ama hapana, ili nijue nani amekosea kati ya Kaku na Lan. Kumbe Kaku, ambaye hakujua tenisi hata chembe, aliuona uchovu wa mtoto, na Lan naye alikijua anachokitaka. Hakuna aliyekosea. Nimekuwa mtu mzima ndipo nimelielewa hilo, na niliona haya kidogo kwamba miaka yote hiyo nilimwuliza matokeo tu.

Nikamwandikia tena: “Leo umechoka?”

“Sana,” akajibu. “Sana, ndugu yangu.”