Sahra Kwenye Kiti cha Mtangazaji

Jumatatu ya pili baada ya Idd nilimzika mke wangu Sahra, na sina picha yake hata moja. Mimi, mpiga picha. Haya ninayosimulia yalinitokea mchana, nikiwa na akili zangu, hapa hapa Garissa. Usiponiamini sitakulaumu.

Kituo kidogo cha televisheni kilipoanza kurusha habari kwa Kisomali, kutoka vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, kilinikodi nipige picha za siku zake za mwanzo: mafundi wakipandisha mlingoti, wageni, picha za kalenda. Sahra alikuwa akituletea chai. Mtangazaji wetu, mwanamke aitwaye Deka, hakuwahi kufika kwa wakati, kwa hiyo Sahra ndiye aliyekaa kwenye kiti chake ili nipange taa.

"Taa zenu zinachoma kuliko jua la Liboi," alikuwa akisema. Halafu: "Baba Ifrah, hizo zangu futa. Siku ya Kiyama ukiambiwa uzipulizie roho picha zako, mimi nisiwe kwenye foleni."

Tunacheka, nafuta. Kila mara. Hata kitambulisho alichoomba hakikutoka mpaka homa ikamchukua.

Binti yetu Ifrah ana miaka mitatu. Matanga yalipokwisha alianza kuniuliza uso wa mama yake ulikuwaje. Wewe ungemjibu nini?

Nikarudi kazini. Adhuhuri moja, nikiwa peke yangu, niliwasha taa nikainamia kamera. Nilipoinua kichwa, Sahra alikuwa kwenye kiti. Wallahi. Amekaa upande kama kawaida yake, anajipepea kwa ncha ya mtandio, amekunja uso kwa mwanga. Niliogopa? Hapana. Nilimfikiria Ifrah tu. Nikabonyeza.

Nikatazama kwenye kamera. Uso wake ulikuwemo wote, hata kovu la kwenye nyusi.

"Umepiga?" akauliza. "Basi futa."

"Sahra, mtoto nitamwonyesha nini?"

"Mfundishe kuniombea dua. Picha haimwombei mtu."

"Hii moja tu."

Akajikinga macho kwa mkono. "Baba Ifrah, taa hizi zinachoma. Usiniache humu."

Nikafuta. Nilipotazama tena, kiti kilikuwa kitupu. Deka aliingia akihema, akasimama pale mlangoni.

"Nani amefukiza ubani humu?"

Kituoni hatufukizi ubani. Sahra ndiye aliyekuwa akifukiza nguo zake.

Tangu siku hiyo simruhusu mtu kukalia kiti kile nikipanga taa, naweka jerikeni. Na wewe, ukimwona wako aliyetangulia, nakuomba usimwinulie kamera. Atakuomba umwachie, nawe utampoteza mara ya pili, safari hii kwa kidole chako mwenyewe.

Jana jioni habari zilipoanza, Ifrah alisogea akamgusa Deka usoni, kwenye kioo cha televisheni.

"Aabo, mama ni huyu?"

"Si huyu, mwanangu."

Akabaki pale pale, kidole kwenye kioo. Habari zilipokwisha akaniuliza tena.