Jeki Iliyobeba Nyumba ya Bi Raihana

Athmani wa teksi alikuwa na sheria moja: hakuna mtu kuingia chini ya gari lake likiwa juu ya jeki. Hata funguo zake zikianguka huko chini, alilishusha gari kwanza, kisha akazivuta kwa ufagio. Jeki yenyewe ilikuwa ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani, ndogo, ya kukunja, na ubavuni ilibandikwa picha ya mtu aliyelala chini ya gari, amekatwa katikati kwa mstari mwekundu. Madereva wenzake pale Bondeni hawakuacha kumtania.

"Ami Athmani, waiogopa jeki kama uogopavyo mke!"

"Mke hukasirika kwanza ukamwona," huwajibu. "Jeki haikwambii kitu."

Basi mtu huyo huyo, jamani, mwenye akili zake timamu, ndiye aliyeichukua jeki ile akaitwika nyumba.

Nyumba ilikuwa ya mamake, Bi Raihana, huko Mji wa Kale, ya ghorofa moja, kuta za mawe na chokaa, na mlango wa mbele wa mbao mbili za nakshi ambao wageni hawakuchoka kuupiga picha. Masika moja maji yalipenya ukutani, na boriti ya juu ya mlango, iliyokwisha kuliwa na mchwa, ikapasuka ikaanza kubonyea. Juu ya boriti ile ndipo palipokuwa na chumba cha kulala cha mama. Athmani akakimbia kwenye buti ya gari. Akalaza jiwe bapa nyuma ya mlango, akaweka jeki juu ya jiwe, akasimamisha gogo la mkoko juu ya jeki, akazungusha. Boriti ikainuka kidogo kidogo, ufa ukafumba. Akajipangusa mikono, akaita juu, "Mama, nyumba imesimama!"

"Mashaallah," akajibu Bi Raihana kutoka ngazini. "Na mlango je?"

Ndilo lililokuwa swali. Gogo lilisimama katikati, upande wa ndani, na mbao zile hufungukia ndani. Mlango haukuweza kufunguka tena.

"Mlango ungoje kidogo, mama. Nitaleta fundi."

Na kusema kweli alikusudia kumleta. Athmani hakuwa mtu wa maneno matupu. Alitoka alfajiri, akarudi magharibi, na hakurudi mikono mitupu. Dawa za mamake hazikuwahi kukatika, na usiku alimkanda miguu mpaka alale. Lakini nyumba imesimama, na kitu kilichosimama nani akikimbilie? Fundi akawa wa baada ya Ramadhani, kisha wa baada ya Idi, kisha wa shule zikifungwa. Gari likipata pancha, Athmani aliazima jeki kwa wenzake. Masika ya pili ikaja ikapita. Watu wa nyumba wakazoea kutoka na kuingia kwa mlango wa jikoni, uliofungukia kichochoro cha nyuma, na Bi Raihana naye akawa anapita huko huko na mkongojo wake.

Jambo moja tu alilishikilia. Kwa mlango ule wa mbele aliingizwa akiwa bibi harusi, na kwa mlango ule ule mumewe alitolewa kwenda kuzikwa. "Nami unitoe hapo, mwanangu," alikuwa akimwambia Athmani huku akikandwa miguu. "Usije ukanipitisha kwenye masufuria."

"Mlango wa mbele, mama. Nakuahidi."

Bi Raihana alifariki kabla ya adhana ya alfajiri, pole pole, bila kumsumbua mtu. Kufikia saa nne nyumba ilikuwa imejaa. Dada wa marehemu, Bi Mwanaesha, alisimamia kuosha na kukafini. Wanawake wakapanda juu, chumbani mwa marehemu, wakaketi wamebanana ukuta hadi ukuta, wakisoma Yasini. Wanaume walisimama nje barazani wakingoja. Jeneza tupu likaja kutoka msikitini, likapitishwa wima kwa mlango wa jikoni, likawekwa ukumbini, na mwili ukalazwa ndani yake ukafunikwa kanga ya kijani. Adhuhuri ilikuwa inakaribia.

Khubaib, binamu yake Athmani, mtu wa kubeba magunia bandarini, akalitazama gogo nyuma ya mlango. "Haya, toa hiyo jeki tufungue. Watu wanangoja."

Athmani akapiga magoti. Akashika chuma cha kuzungushia, akasema Bismillahi, akazungusha nusu duru. Mchanga ukamwagika kichwani mwake. Boriti ikalia, mlio mrefu wa kitu kizito kinachotafuta pa kukaa, na juu sauti za Yasini zikakatika ghafla. Mwanamke mmoja akauliza, "Kuna nini?"

Athmani akaacha kuzungusha. Macho yake yalikuwa mbele ya ile picha iliyobandikwa ubavuni mwa jeki, mtu na mstari wake mwekundu. Alikuwa hajawahi kumruhusu hata paka alale chini ya gari lililobebwa na jeki hii. Na mamake je? Masika mbili mamake amelala juu yake, yeye akimkanda miguu na kumwambia lala salama.

Akazungusha kurudisha, haraka, mpaka gogo likakaza. "Atatolewa kwa jikoni," akasema.

"Wee! Si ulimwahidi?" Khubaib akamjia juu. "Wateremshe wanawake, mimi na vijana tutaishika boriti kwa mabega. Ni kupita tu."

"Kupita chini yake?"

"Ni kufumba na kufumbua, Athmani."

"Hapana. Hapiti mtu hapo, awe hai au awe maiti. Wanawake nao washuke wote, wakae kwa jirani. Sasa hivi."

Bi Mwanaesha alikuwa amekwisha kushuka hadi ngazi ya mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu. "Dadangu atolewe kwa nyuma kama taka? Siku zote hizi ulikuwa wapi usiutengeneze mlango wa watu?"

Athmani alitaka kusema alikuwa kazini, na ingekuwa kweli. "Nimekosa, khalati," akajibu. "Nilimwahidi na sikutimiza. Lakini sitamzika mamangu kisha nikazika na watu wengine kwa ajili ya maneno yangu." Na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, yakamtiririka ndevuni, asiyafute.

Wanawake wakashuka wakaenda kwa jirani. Wakasogeza meza, wakaondoa jiko la gesi, wakashusha masufuria yaliyoning'inia. Jikoni palikuwa pembamba, na watu wanne walilazimika kuliinamisha jeneza ubavu ili lipinde kona. Bi Raihana alikuwa mwepesi. Sufuria moja iliyosahaulika iligongwa na mguu wa mtu, ikaviringika sakafuni kwa kishindo, na Athmani akafumba macho.

Wakatokea kichochoroni. Aliutarajia uchochoro mtupu, maji ya kufulia na paka, kwani yeye hupita pale alfajiri na magharibi tu. Lakini milango yote ya nyuma ilikuwa wazi. Majirani wanawake wamejitanda buibui zao, wamesimama vizingitini, na jeneza lilipopita kila mlango kilio kiliinuka. Dama, mwanamke wa Kigiriama anayekaanga viazi karai pembeni mwa njia, alikuwa ameufunika moto wake. Pembeni mwake palikuwa na kiti cha mbao chenye mto mdogo, na kwenye mto ule Athmani akautambua mshono wa mamake.

"Mpitisheni pole pole," Dama akasema. "Hapa ndipo alipokuwa akikaa. Kila siku, tangu alasiri mpaka wewe ukaribie kurudi."

"Mamangu? Akikaa hapa?" Siku zote alidhani alikuwa juu, peke yake, akisubiri.

"Sisi wote twamjua. Tukimwambia, bibi, nenda ukakae kwenye baraza yako ya mbele, kuna upepo huko. Hukataa." Dama akajifuta uso kwa leso. "Akisema, mlango wangu umeharibika kidogo. Mwanangu atautengeneza."

Khubaib akainua sauti, "La ilaha illa Llah," na watu wote nyuma yake wakaitikia. Athmani akaweka bega lake chini ya mti wa jeneza, upande wa kichwa. Akaitikia nao, na walipokipita kile kiti akapunguza mwendo.