Hadubini Iliyogeuzwa Hakimu

Eulalie Akonkwa alikuwa na hasira tangu utotoni kwao Nyangezi, na tusimlaumu. Mihogo ya mama yake ilioza ardhini huku majani yakiwa bado mabichi, na kijiji kizima kikasema ni uchawi wa jirani. Jirani akafukuzwa na watoto wake. Eulalie alitaka kuona kwa macho yake. Akasoma mpaka akapata hadubini katika chuo kimoja cha mjini, mtaa wa Ibanda, akakata mizizi vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, akawa wa kwanza mjini kuchora jinsi chembe hai za muhogo zinavyokufa kabla jani halijabadilika rangi. Umeme ulipokatika, aligeuza kile kioo kidogo cha chini ya hadubini kikaelekea dirishani, akafanya kazi kwa mwanga wa ziwa lililo karibu na chuo. Uchawi hakuuona hata siku moja.

Ikaja vita ya mwaka 1996. Wenye bunduki walizunguka mtaa wa Kadutu wakisaka watu kwa pua na kimo, eti hao ndio adui. Upumbavu siku zote una miguu. Vita huupa gari. Mchana mmoja komanda wao aliingia maabara ya Eulalie akimsukuma Cirhuza, muuza unga ambaye Eulalie alikuwa mteja wake wa miaka.

“Mama docta, batu banasema mashine yako inaonaka mpaka ndani ya damu. Ongaria huyu. Iko mutu wa hapa ao iko adui?”

Eulalie akasimama mbele ya hadubini. “Komanda, damu haiko na kabila.”

“Ongaria, ao tunamumaliza hapa hapa.”

Eulalie akamchoma Cirhuza kidole, akapaka tone kwenye kipande cha kioo, akainama. Aliona chembe zile zile za mviringo alizoziona kwa kila mtu, zikisongamana bila kujua zimetoka kilima gani. Akainua kichwa, akadanganya.

“Iko wa hapa. Mumuache.”

Wakamwachia, naye akatimua mbio na kiatu kimoja. Komanda akaipapasa hadubini kama ng'ombe wa mahari.

“Kumbe iko muzuri! Kesho tutakuletea bengine.”

Hapo Eulalie akaelewa alichofanya. Alikuwa amekubali kwamba damu inasema. Akiwaita wote watu wa hapa, komanda atashtuka, maana njia ya mwongo ni fupi. Na siku atakayositasita kidogo tu, mtu atakufa kwa neno lake. Ni kama wale waliomfukuza jirani sasa walikuwa wamepata mashine. Alimchukia komanda kwa moyo wote, lakini alijichukia mwenyewe zaidi.

Asubuhi waliletwa watu waliofungwa kamba, mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni. Eulalie akaibeba hadubini mpaka barazani, akaiinua, akaibamiza kwenye saruji. Kisha akaziponda lenzi kwa kisigino.

“Mashine imekufa!” akapiga kelele. “Sasa mutumie macho yenu. Muongarie huyu maman usoni, mumuambie yeye ni adui!”

Komanda akampiga kofi lililong'oa jino. Lakini askari aliyeshika kamba alimtazama yule mama, akainamisha macho, akaiachia kamba. Watu wakakimbia. Wawili hawakufika mbali.

Vita ilipopoa, Eulalie alishuka soko la Kadutu na pengo lake. Akamkuta Cirhuza mbele ya beseni la unga, mnene na mchangamfu, akiwaambia wateja:

“Mimi balinipima na mashine! Damu yangu iko ya hapa kabisa, maman docta huyu ni shahidi. Lakini ule muuzaji wa pale, yeye nani alimupima?”

Eulalie akasogea mbele ya wateja. “Cirhuza, nilidanganya. Mashine haikuona kitu.”

Cirhuza akacheka, akamwongezea kikombe cha unga cha bure.

“Maman docta anapenda kutania,” akawaambia wateja, na wateja wakacheka naye, wakigeuka kumtazama yule wa pale.