Kitasa cha Kabati la Mama

Mama alikuja kuishi nami Kiwanjani, mtaa wa Isiolo, akiwa na gunia moja la nguo, baada ya miguu kumkatalia kupanda vilima vya kwetu Meru. Nilimpa chumba, kitanda na blanketi jipya. Akalitazama lile gunia kwa muda.

"Baba," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, kwa kuwa nina jina la babake, "mgeni ndiye anaweka nguo kwa gunia. Nitengenezee kabati, na ikuwe na kifunguo."

Mafundi wamejaa mjini, lakini mimi ni mbishi, na mwalimu wa hesabu akishajua kupima hujiona fundi. Tena Mama alitaka mti wake mwenyewe, mkima alioupanda kando ya kahawa alipoolewa. Nikaukata likizo ya Agosti, ukapasuliwa mbao, nikaziteremsha Isiolo kwa pikapu.

Jirani yangu Mborana, mama anayeuza maziwa ya ngamia, alizigusa mbao uani akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii mbao bado iko na maji. Weka kwa kivuli mpaka mvua ije. Jua ya hapa si ya Meru."

Nilicheka. Kwetu tunajenga kwa mbao za juzi na nyumba zinasimama. Isitoshe, Mama alikuwa ameanza kukosa pumzi akifika tu mlangoni, na mvua ilikuwa mbali. Niliogopa kungoja.

Nikapiga randa, nikagonga misumari, nikatia mlango na kitasa. Kabati lilisimama limeinama kidogo upande wa kushoto, nami nikalisifu kana kwamba lilitoka dukani. Mama alizipanga nguo zake mwenyewe, akafunga, akaning'iniza ufunguo shingoni kwa uzi wa sufi. Jioni ile alikula vizuri.

"Sasa niko kwangu," akasema.

Wiki tatu baadaye joto lilikuwa limezinyonya mbao. Mlango ulisinyaa, pengo la kidole kizima likatokea ubavuni, na ulimi wa kitasa haukufikia tena tundu lake. Asubuhi nilikuwa nikimsikia kutoka jikoni: ufunguo unazunguka, mlango unafunguka wenyewe, ufunguo unazunguka tena. Hakulalamika hata mara moja. Nami nilimwambia nitarekebisha Jumamosi. Jumamosi moja nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nyingine nilikuwa na harusi, nyingine ulikuwa uvivu tu.

Alifariki mchana, usingizini. Nilipofungua kabati kutafuta gauni la kumzikia, lilikuwa tupu. Gunia lilikuwa chini ya kitanda, limejaa, mdomo wake umefungwa kwa ule uzi wa sufi. Ufunguo alikuwa ameuacha kwenye kitasa. Nilipiga magoti pale sakafuni nikalia, kwa uchungu na kwa aibu, na sijui kipi kilikuwa kingi.

Jumamosi iliyopita niligonga kipande chembamba cha ubao kwenye fremu, nikakitoboa tundu. Haikuchukua hata nusu saa. Nikazitoa nguo guniani, nikazipanga alivyokuwa amezipanga yeye, magauni chini, leso juu, kisha nikazungusha ufunguo. Kitasa kikashika. Niliuvuta mlango mara mbili ili kuhakikisha, na haukufunguka.