Nilivyowafungia pundamilia nje ya ngitili ya baba

Wakuu, salaam kwenu. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na sehemu kubwa yake hainipi sifa. Sitaongeza chumvi.

Ni miaka ya tisini. Wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kuingia Bariadi, kila mtu anapanua shamba. Kwetu ni upande wa Nkoma, si mbali na pori la akiba, na baba alikuwa na ngitili.

Kwa wasio Wasukuma: ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Asiye nayo huhama na mifugo yake.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikitafiti kaboni ya hewani inayohifadhiwa na miti na nyasi za mbuga. Likizo moja nikamshauri baba azungushie ngitili uzio wa miiba, maana kila masika nyumbu na pundamilia walitoka porini wakala humo. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi mno: kilicholiwa kimepotea, kilichosimama ni akiba.

"Hiyo hewa yako, ng'ombe wanaila?" aliuliza kaka yangu Masanja. Ng'ombe hao ndio waliokuwa mahari yake.

"Mwache," baba akasema. "Tumemsomesha ili anyamaze?"

Uzio ukajengwa.

Niliporudi Julai iliyofuata, nyasi zilinifika kifuani. Nilitembea humo nikijiona mwenye nchi.

Kasoro ilikuwa kona ya mashariki tu. Tembo walikuwa wameubomoa uzio, wakaangusha migunga mitatu, na pundamilia wakaingia nyuma yao. Nyasi za pale zilikuwa fupi kama zulia. Kwenye daftari nikaandika: hasara.

Siku za kufungua ngitili zikafika. Nikamwomba baba wiki tatu zaidi, nimalize kupima vigogo kwa futikamba na kukata sampuli za nyasi.

Masanja alicheka. "Ng'ombe wakae na njaa, mtaalamu anapima!"

Baba, ambaye hakuwahi kuchelewesha ufunguzi kwa ajili ya mtu yeyote, alikubali. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo.

Wiki ya pili, mchana, jirani yetu Luhende alikuwa akichoma masalia ya pamba, kama bwana shamba anavyoagiza kila mwaka ili wadudu wasivuke msimu. Upepo ukageuka. Moto ukaruka uzio, ukazikuta nyasi zangu za kifuani, ukapanda hadi matawini. Tuliupiga kwa matawi mabichi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wapi!

Ulizimika wenyewe kwenye kona ya mashariki. Haukupata cha kula.

Luhende alikuja mbio, kofia mkononi. "Mzee, nimekumaliza."

"Hukuwa peke yako," baba alijibu, akinitazama mimi.

Mimi na Masanja tuliwaswaga ng'ombe kwa miguu hadi kwa mjomba, kijijini Mwamapalala. Saba walikufa kwa njaa, hawakurudi. Harusi ikasogezwa mwaka mzima, na njiani kaka hakunitania hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Niliandika yote kwenye ripoti. Msimamizi wangu akanieleza nilichopaswa kujua kabla ya kushauri: kwenye mbuga, sehemu kubwa ya kaboni imo ardhini, kwenye mizizi na udongo. Walao nyasi hupunguza kuni za moto, na kinyesi chao hurudi udongoni. Tembo hupunguza miti, sikatai, lakini mimi nilihesabu migunga mitatu nikasahau mamia iliyosimama wima ikisubiri kiberiti.

Nilipohitimu, baba alikigeuza cheti mbele na nyuma.

"Yaani wamekupa hiki kwa kunichomea nyasi?"

Kisha akanikabidhi panga, nikaung'oa uzio wote uliosalia mwenyewe. Masika hayo pundamilia waliingia, na baba alikaa akiwatazama.

Nilichojifunza: kupima vizuri si kuelewa, na mzazi anayekuamini ni wa kumwogopa kuliko anayekubishia.

Mliokulia kwenye ngitili, Meatu, Maswa na kwingineko, wanyama wa porini mliwaruhusu kiasi gani? Na kama nawe umewahi kumponza mzazi kwa elimu ya nusu, usione haya. Mimi nimeshatangulia.