Ukurasa Mmoja Uliobaki

Jarida letu la chuo, pale Shinyanga mjini, lilianza kama karatasi zilizobandikwa kwenye mlango wa bwalo. Nilipolikuta lilikuwa limeshapata jalada na pini, pamoja na sheria moja ya waanzilishi: anayetaka kulikataa andiko alisome lote kwa sauti, amesimama, mbele ya aliyeliandika, ndipo atoe sababu. Walikuwa wamechoshwa na wahariri wanaokataa kazi wasizozisoma.

Mwaka wa tatu nikawa mhariri, na nilikuwa mjuaji kweli kweli. Toleo lilibakiwa na ukurasa mmoja, nami nilikuwa nimeshauwekea shairi langu. Mama yangu, anayepikia madereva wa malori Isaka, alishawatangazia wateja wote kwamba mwanawe anatoka kitabuni.

Ndipo binti wa mwaka wa kwanza, mwenyeji wa Songwa, akaleta hadithi. Niliipitia juu juu, nikaona Kisukuma kimechanganywa humo, nikasema hii haipiti. Nikasimama kuisoma haraka haraka ili tumalizane.

Ilimhusu bibi aliyemnunia mtangazaji wa redio. Kijana mdogo anaingia nyumbani kwake kila asubuhi, anaongea weee, shikamoo hatoi! Bibi akaona labda ni mgeni, akamwanza yeye kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma: "Mwangaluka!" Hakujibiwa. Basi akaifunika redio kwa kanga mpaka kijana ajifunze adabu. Hapo kicheko kikanishinda. Wenzangu walishaanza zamani. Nilirudia mstari ule mara tatu, sikuweza kuendelea, na yule binti ananitazama tu, hajui kama tunamcheka yeye.

"Sababu?" katibu wa jarida akaniuliza.

Nikalitoa shairi langu, nikaiweka hadithi yake. Roho iliniuma, sitadanganya.

Likizo nikampelekea mama jarida.

"Lako liko wapi?"

Nikamwambia halimo, nikamsomea ya bibi. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo, akafuta machozi kwa pindo la kanga, akawaita madereva, akanisimamisha niisome upya.

"Huyo mtoto," akasema, "likizo ijayo uje naye, nimpikie."

Kwa mashairi yangu yote hajawahi kusema hivyo. Wivu ulinishika, lakini nilimpeleka. Mama akampakulia paja la kuku, lile ambalo miaka yote lilikuwa langu.