Ndoana Ndogo Kwanza

Mume wangu alikuwa na ndoana mbili alizozihifadhi ndani ya kopo la tumbaku, moja ndogo kama ukucha wa mtoto, nyingine pana kiasi cha kupitisha kidole. Alizinunua kwa Msomali mwenye duka pale Garsen, na kwa muda sikujua kwa nini lazima aanze na ile ndogo. Nilipojua, nilicheka. Kicheko hicho kinaniuma hadi leo kuliko samaki wenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami bibi harusi mgeni, nimeletwa kutoka upande wa Kipini nikae na watu wa mto. Mume wangu alikuwa mmoja wa wanaume waliovuta pantoni, ile iliyovusha malori na ng'ombe kwa kamba ya chuma. Jua likipanda malori yalipungua, pantoni ikafungwa ukingoni, na hapo ndipo alipovua. Waorma waliongoja kuvusha mifugo yao walituangalia kwa huruma, watu wazima tunahangaikia samaki.

Perege hapendi jua. Mchana hujibanza kivulini, chini ya pantoni na chini ya mitumbwi iliyofungwa kando yake. Mgeni huja na ufito mrefu, akarusha mshipi katikati ya mto, akarudi na majani. Mimi nilifundishwa kwamba hapo hurushi, unashusha. Unakaa mtumbwini bila kugonga mbao kwa miguu, unauachilia mshipi unyooke kando ya ubavu wa pantoni, na chubwi yako ni punje tu ya risasi, ili chambo kishuke taratibu kama kitu kilichoanguka chenyewe. Tonge la ugali, juu juu, kwa ndoana ndogo, utapata perege wa kiganja. Nyungunyungu, chini kabisa karibu na nguzo ya kufungia pantoni, kwa ndoana kubwa, utapata baba zao.

Shida ni kwamba mtumbwi haukuwa wetu. Ulikuwa wa mama mmoja mjane, jirani yetu, mtu wa pwani kama mimi, aliyeolewa huku zamani na kubaki huku mumewe alipofariki. Hakujaliwa mtoto. Na desturi ya pale kila mtu aliijua: ukivua ndani ya mtumbwi wa mwenzio, samaki wa kwanza ni wake. Awe mkubwa, awe mdogo, ni wake.

Basi mume wangu alianza na ndoana ndogo. Akipata kiperege anakitupa kwenye sahani yangu ya bati na kusema, "Hii ya mama. Peleka." Kiswahili chake kilikuwa cha mto, hakikujali ngeli. Kisha anafungua kopo, anafunga ile kubwa, na uvuvi wenyewe ndiyo kwanza unaanza.

"Hii si haki," nilimwambia siku niliyoelewa, lakini nilikuwa nacheka.

"Mimi nimevunja nini? Ya kwanza si nimetoa?"

Kweli hakuvunja kitu, na mimi niliona nimeolewa na mwanamume mwerevu.

Mpelekaji nilikuwa mimi. Mama yule alimpokea samaki kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku, akaniuliza kama tumelala salama na kama mume wangu hajambo. Kesho yake sahani ilirudi. Kwetu pwani chombo cha jirani hakirudi kitupu, na yeye hakuwa ameisahau pwani yake. Ilirudi na wali wa mchele wa shamba lake dogo la ukingoni, umefunikwa kawa, na bado una moto. Mume wangu aliupenda sana wali ule. Tuliula na wale perege wakubwa, mgongo wa samaki huku na wali huku. Ningependa kusema kwamba ulinikwama kooni. Haukunikwama. Ulishuka vizuri, nikaongeza.

Nilimwona mama yule akikonda. Nikajiambia ni utu uzima, kila mtu hukonda. Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mimi huyu nilimjua, sahani yangu ilikwenda kwake na kurudi.

Siku moja lori lilikwama matopeni ng'ambo, wanaume wote wa pantoni wakaitwa kulisukuma. Nikachukua kopo nikaenda kuvua mwenyewe. Nilianza kama nilivyofundishwa, ndoana ndogo, tonge la ugali. Ikanasa kwenye mbao chini ya pantoni. Nilivuta kwa hasira, maana mimi subira sikupewa, na mshipi ukakatika. Nikabaki na ile kubwa. Kwa hiyo mtu asiniandikie thawabu, sikuchagua jambo.

Nilishusha nyungunyungu karibu na nguzo. Hata sijakaa sawa, mshipi ukavutwa. Akatoka perege wa kushikwa kwa mikono miwili, mweusi mgongoni, mnene, akipiga mbao kwa mkia. Nilimtazama nikaanza kumfunika kwa leso. Nani alikuwa anahesabu? Nikainua macho, na mama yule alikuwa ukingoni na mtungi wake, amekuja kuteka maji, ananiangalia.

Nikampandishia samaki wake. Alimpokea, mikono ikashuka kwa uzito, akakaa chini palepale kwenye nyasi. Nikajua sasa ameelewa, amelinganisha huyu na wale wote, na nilikwisha tunga uongo kuhusu maji na msimu. Kumbe alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mungu amewaona yeo, mwanangu." Lafudhi ya pwani haikumtoka, leo kwake ilikuwa yeo.

Sikuelewa. Akanishika mkono.

"Siku zote naletewa kisamaki kama hiki," akanionyesha kiganja chake, "nasema, ikiwa mimi nimeletewa hiki, wao wenyewe wanakula nini? Na wewe mgeni, mama yako hayuko karibu. Basi mimi nikanywa uji nikalala, wali nikawapa nyinyi. Mtu mzima tumbo lake dogo." Alicheka kidogo. "Sasa mmepata. Sahani yako yeo nitairudisha tupu, usione vibaya. Nataka nipike, nile mwenyewe."

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Maneno nilikuwa nayo yote, nikayameza pamoja na mate. Nikasema tu, "Kula, mama." Akanifuata nyumbani taratibu kuichukua sahani iliyokuwa bado kwangu na makoko ya wali wake wa jana, akaiosha mwenyewe kwa maji ya mtungi wake, akanirudishia. Nilibaki nimeishika. Sikurudi mtumbwini siku ile.

Jioni mume wangu alikuja na matope hadi magotini, mwenye furaha, lori limetoka. Akanawa, akakaa mkekani, akafunua kawa. Chini yake palikuwa na ugali na mboga ya majani. Akatazama nyuma ya mlango, akatazama jikoni.

"Wali ya mama iko wapi?"

"Anaula mwenyewe," nikamwambia.